Kijana wa Bukta ya Kijani

Chini ya video moja ya dakika tatu na sekunde arobaini, iliyopigwa nyuma ya nyumba ya shangazi yangu Mikumi, kuna swali ambalo halijajibiwa tangu nikiwa kidato cha kwanza. Ni swali fupi. Limeandikwa kwa Kiingereza na mtu ambaye hakuweka jina lake: kijana wa bukta ya kijani ana umri gani, urefu gani, uzito gani, na anaishi wapi? Kijana huyo ni binamu yangu Yusufu. Aliyepaswa kujibu ni mimi, kwa kuwa neno la siri nilikuwa nalo mimi, na Kiingereza kidogo kilichokuwepo kwetu nilikuwa nacho mimi. Sikujibu. Na Yusufu aliponiuliza uso kwa uso kama kuna mtu aliyeulizia habari zake, nilimwambia hakuna.

Mwezi uliopita shangazi alifariki, na kwa sababu ya msiba huo nimelazimika kuitafuta tena video ile. Kabla sijafika huko, nieleze ilivyotokea.

Baba alikuwa mpiga picha Kilosa, karibu na stesheni. Alipiga picha za pasipoti, harusi na kipaimara, na siku za mnada aliwapiga wafugaji waliotaka waonekane wamesimama na fimbo zao. Kamera za filamu zilipoanza kukosa wateja, alinunua ndogo ya kisasa, ile ya kuchomeka kadi. Baada ya mwaka taa yake ilikufa, akanipa mimi. "Ya mchana tu hiyo," aliniambia. Ilikuwa inarekodi pia video, dakika chache kila mara. Likizo ya Desemba nikaenda nayo Mikumi kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akiuza chakula kwa madereva wa malori kando ya barabara kuu.

Yusufu alikuwa mwanawe wa pekee. Alinizidi miaka mitatu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na alikuwa na jambo moja tu kichwani: mateke. Alijifunzia kwenye banda la video la pale njia panda, walipoonyesha filamu za ngumi za Mashariki ya mbali huku mtu mmoja akizitafsiri kwa Kiswahili, sauti ileile moja kwa mzee, msichana na jambazi. Wenzake walitoka mle wakirusha ngumi hovyo njiani. Yusufu alitoka kimya, akaenda nyuma ya nyumba, akashika mlingoti wa kamba ya nguo na kurudia teke moja mara hamsini. Alikuwa mrefu, mkavu, na mguu wake wa kulia ulipanda juu kama uzi unaovutwa. Nimeona wanamichezo wengi tangu wakati huo, na bado nasema hivyo.

Alinipokea kama binamu anavyompokea binamu. Kwetu sisi mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, hawana staha.

"Mke wangu amefika!" alipiga kelele kutoka uani. "Mama, andaa kuku, mke wangu kaja na kamera!"

"Nani mke wako, wewe mwenye miguu kama korongo?"

"Korongo ndiye mwenye maringo kuliko ndege wote. Muulize mtu yeyote."

"Shikamoo shangazi," nikasema, nikimpita.

"Marahaba mwanangu. Usimjibu huyo. Njaa itamnyamazisha."

Likizo ile ndipo tuliigundua intaneti. Nyuma ya duka la vifaa vya shule palikuwa na chumba chenye kompyuta tatu, zinazotazamwa na dada mmoja aitwaye Rehema. Yusufu alikuwa akienda kusimama nyuma ya watu waliolipia. Siku moja aliona mtu akifungua mtandao wa video, na mle hakukuwa na filamu kama za bandani. Walikuwa vijana wa kawaida wa nchi mbalimbali, wanapigana kwa mpangilio kwenye bustani, kwenye gereji, kwenye jengo lililoachwa. Hakukuwa na kampuni wala jukwaa. Mmoja anapiga teke, mwenzake anaruka nyuma na kuangukia godoro, na godoro lenyewe linaonekana. Mwishoni waliandika majina yao. Watu wa mbali wakawa wanawajibu chini, wanawasifu, wanawaita waje.

Yusufu alirudi nyumbani akitembea kasi. "Hawana hata jengo," aliniambia. "Wana ua tu. Na sisi ua tunao."

Kulikuwa na sababu ya haraka yake. Kwa ukoo wetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho juu yake ni mjomba. Mjomba wa Yusufu ni baba yangu. Baba alikuwa amekwisha sema: msimu wa kukata miwa ukifunguliwa katikati ya mwaka, Yusufu aende Kidodi akafanye kazi kama vijana wengine. Yusufu alimwomba muda. Baba hakuwa mtu mkali. Alisema, "Akitokea mtu mzima mwenye akili timamu, asiye ndugu yako, akasema hayo mateke yako ni kazi, nitakuachia. Nitakupa hata nauli ya Dar. Asipotokea, Kidodi." Hapo ndipo maisha ya Yusufu yalipokuwa yamening'inia, na sote tulijua.

Filamu tuliipiga kwa siku nne, tukiianza yote upya kila tulipokosea. Hadithi ilikuwa ya kijana ambaye mwalimu wake ameuawa. Mwalimu hatukumwonyesha kwa sababu hatukuwa na mtu wa kumwigiza. Adui alikuwa Nasoro, jirani, mnene na mpole, aliyevaa koti la mvua la baba yake katika jua lile. Yusufu alivaa bukta aliyoshonewa kwa pazia la kijani. Kabla ya kila teke alijipiga paja kwa kiganja, pa, ili mlio uingie kwenye kamera. Kutoka nilipokuwa ungeapa kwamba Nasoro amevunjwa mbavu.

Tatizo lilikuwa Nasoro. Hakukubali kufa.

"Anguka basi!" Yusufu alimwambia mara ya sita.

"Naangukaje kwa teke moja? Mimi ni mkubwa wa majambazi."

"Mkubwa wa majambazi gani anayeshikwa na kiu kila dakika? Anguka, Nasoro, mke wangu mkono umemchoka."

"Mimi si mke wako, na kamera inaisha chaji."

Tukarudia kwa mara ya mwisho. Nyani walikuwa wameshuka kutoka porini kama kawaida yao kufuata maganda ya ndizi za shangazi, wakakaa juu ya ukuta wa matofali mabichi, watano, wametulia kama wageni waalikwa. Yusufu akaruka, akageuka hewani, mguu ukapita sentimita chache mbele ya pua ya Nasoro, na Nasoro kwa mara ya kwanza akaanguka vizuri, chali, vumbi likapanda. Kabla sijazima kamera, sauti ya shangazi ikatoka jikoni:

"Yusufuuu! Ugali unapoa! Na huyo mtoto wa watu mmemuua kweli au mnaigiza?"

Nasoro akacheka akiwa maiti. Hatukuwa na namna ya kukata kipande, na teke lilikuwa bora kuliko yote. Tukaacha hivyohivyo.

Kuipandisha mtandaoni kulichukua tangu asubuhi mpaka karibu na alasiri. Rehema alitufungulia ukurasa, akatusaidia kutengeneza akaunti, akanyoosha kidole. "Mkifunga hapa, imekula kwenu. Mkigusa waya, imekula kwenu. Umeme ukikatika, msinililie mimi." Tulikaa tukitazama mstari mwembamba ukijaa kama maji yanavyojaa kisimani wakati wa kiangazi. Yusufu hakuenda hata chooni. Mstari ulipofika mwisho, alisimama, akampa Rehema mkono, kisha akanipa mimi mkono, rasmi kabisa, kama watu waliomaliza mkutano.

Tulikubaliana hivi. Nikirudi Kilosa shuleni, kila Jumamosi niende kwenye kompyuta za pale karibu na soko, nisome watu wameandika nini, kisha nimpigie kwenye simu ya shangazi. Akaunti ingekuwa mikononi mwangu kwa sababu ya Kiingereza. Chumba cha Rehema kilifungwa mwezi uliofuata, akahamia mji mwingine. Kwa hiyo macho ya Yusufu huko duniani yakawa mimi peke yangu.

Miezi ya mwanzo waliandika watu wachache. Niliwasoma nikiwa na kamusi mapajani. Wengi waliulizia nyani: ni wa kweli? Walifundishwa? Mmoja alisema nyani wa tatu kutoka kushoto ndiye mwigizaji bora. Wawili walisema kijana wa bukta ya kijani ana kipaji. Na mmoja aliuliza kama mpiga picha alikuwa na homa, maana mikono ilitetemeka mwanzo mpaka mwisho. Huyo alinichoma. Nilikuwa nimesimama juani siku nne, na katika dunia nzima hakuna aliyeniona ila huyo. Nilimsomea Yusufu maneno yote kwenye simu isipokuwa hayo. Na kila nilipomsomea yale ya kipaji, nilijisikia ninampunguzia kidogo sauti.

Swali lilikuja kipindi cha masika.

Ili nieleweke, lazima niseme kilichotokea shuleni mwaka uliotangulia, nilipokuwa darasa la saba. Watu wa afya walikuja na mizani na mti mrefu uliochorwa mistari, wapime watoto kabla ya kutoa dawa ya kichocho. Leo najua kwamba vidonge vile hutolewa kwa kimo cha mtu. Siku ile hakuna aliyetuambia. Mwanafunzi mmoja nyuma alipiga yowe, "Chinjachinja!" na darasa zima likatokea madirishani. Tulikuwa tumekua na habari hizo: kuna watu wanakuja na magari, wanatafuta damu za watoto, wananunua kwa uzito. Nilipoteza kiatu kimoja. Bibi yangu, mama yake baba, hakunicheka. Aliniogesha miguu akasema, "Anayepimwa ni ng'ombe wa mnadani. Mtu akikupima, mwanangu, ujue keshakupangia."

Basi fikiria nikiwa mbele ya kompyuta, kamusi wazi, natafsiri neno moja moja. Umri. Urefu. Nikafika kwenye uzito, nikalitafuta neno hilo mara ya pili kwenye kamusi. Anaishi wapi. Mtu huyo hakusalimu. Hakusema yeye ni nani wala mtoto wa nani. Hakuuliza wazee wake, hakuuliza mjomba. Alitaka kilo na mahali. Nilifunga ukurasa nikatoka bila kumaliza muda niliolipia, na nikapita njia ya mbali kurudi nyumbani ili mtu asinifuate.

Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi: kwamba nilimwokoa. Na ni kweli niliogopa. Lakini kazi yangu ya kuandikia gazeti imenifundisha kumuuliza shahidi swali la pili, na shahidi hapa ni mimi. Kama niliogopa tu, kwa nini sikumwambia baba? Mtoto anayeona nyoka hupiga kelele. Mimi nilikaa kimya, na ndani ya kimya kile kulikuwa na kitu kingine kidogo, kilichotulia, ambacho hakikupenda kwamba wameuliza habari za Yusufu peke yake.

Mwezi Mei, siku chache kabla ya msimu, alikuja Kilosa mwenyewe. Alipanda lori la mahindi, akafika amelowa. Alimwamkia baba, akamwamkia bibi, kisha akanifuata uani nilikokuwa naosha vyombo. Hakuniita mke wake.

"Sema kweli. Wameandika nini?"

"Wameandika nzuri."

"Nani?"

"Watu. Wanasema nyani wameigiza kuliko Nasoro."

Alicheka kidogo. Alichutama, akachukua sufuria moja akaanza kuisuuza, kazi ambayo sijawahi kumwona akiifanya kwao.

"Na mimi?"

"Wanasema unajua."

"Wanasema najua. Basi? Hakuna aliyeuliza habari zangu? Hata mmoja? Huyu ni nani, yuko wapi, kitu kama hicho?"

Swali lilikuwa karibu lilelile. Kilichokosekana ni vipimo tu. Nilitazama povu.

"Hakuna."

Aliiweka sufuria chini taratibu, ikiwa safi, akaifunika kama inavyotakiwa. "Haya," alisema. Kisha akaingia ndani, na kupitia dirishani nikamsikia akimwambia baba, "Mjomba, nitakwenda." Baba akamjibu, "Umesema vizuri, mwanangu," kwa sauti ya mtu ambaye naye alikuwa na tumaini dogo na sasa analikunja.

Sikumbuki kwamba nililia. Nakumbuka niliosha vyombo vilevile mara mbili.

Alikwenda Kidodi. Aliporudi mara ya kwanza kututembelea alikuwa ananukia miwa iliyochomwa, ule utamu wenye masizi unaoingia kwenye nywele na hautoki kwa sabuni moja. Miaka mitatu baadaye goti la kulia lilianza kumsumbua, kwa kubeba na kuinama. Sasa ni msimamizi wa wakataji, ana mke, ana watoto watatu na nyumba ya bati. Hajawahi kulalamika. Watu wengi wangesema amefanikiwa, na si uongo.

Miaka kadhaa baadaye, gazeti lilinituma Morogoro kwenye ukumbi ambako mabondia chipukizi walikuwa wanapimwa kabla ya pambano. Walisimama foleni wamevaa bukta. Mzee mmoja mwenye karatasi alikuwa anawauliza bila kuinua macho, bila hata kuwasalimu: umri? Urefu? Kisha anawaonyesha mizani. Unaishi wapi? Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilisikia swali la nne, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka wenzangu wakaja kunitafuta.

Hata hivyo sijui. Hilo nalo nilitaka nilifuatilie kwa utaratibu, na nimelifuatilia. Nimeifungua akaunti ya aliyeuliza. Haina picha. Haina video yake yoyote, haina nchi, haijaandika kitu kingine popote ninapoweza kuona. Anaweza kuwa alikuwa mwalimu anayetafuta vijana. Anaweza kuwa alikuwa kijana kama sisi, anayejilinganisha. Anaweza kuwa mtu mbaya kweli, na bibi alikuwa sahihi. Lakini mwenye haki ya kuamua alikuwa Yusufu na mjomba wake, na mimi niliwanyima hata swali.

Sasa nirudi kwenye msiba. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipoanza kupungua, Yusufu alikuja kukaa kwenye mkeka nilipokuwa na wanawake wa jikoni. Goti lilimchelewesha kukaa.

"Wewe mwandishi," alisema. "Ile video yetu bado ipo?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Mle ndani mama anapiga kelele. Ugali unapoa." Aliigiza sauti yake, vibaya. "Nimetafuta kwenye simu zote. Picha zipo. Sauti hakuna. Hakuna aliyewahi kumrekodi, mtu anayeongea siku nzima! Watoto wameanza kubishana alikuwa anaitaje. Nitafutie."

"Nitakutafutia."

"Mke wangu huyo," aliwaambia wale wanawake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi wakacheka.

Niliipata usiku uleule niliporudi kwangu. Nyani watano. Koti la mvua. Mguu unapanda, nami nikaurudisha nyuma niuone tena. Kamera inatetemeka kweli, yule aliyeulizia homa hakukosea. Kisha shangazi, wazi kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili. Na chini yake, baada ya maoni ya nyani, swali.

Neno la siri nimelisahau, na anwani ya barua pepe tuliyoifungulia kwa Rehema ilikwisha kufa. Siwezi kufuta kitu. Nimeipakua video peke yake kwenye simu, bila maandishi yake, ili nimtumie sauti ya mama yake na iishie hapo. Iko tayari. Kila nikitaka kuituma naona kwamba nitakuwa nimemwambia "hakuna" kwa mara ya pili, sasa nikiwa mtu mzima, na bila kuogopa chinjachinja yeyote. Nikitaka kumwandikia ukweli, sijui uanzie wapi ujumbe wa namna hiyo, kwa mtu aliyezika juzi.

Jana jioni ujumbe umeingia, si wa Yusufu. Ni wa binti yake mkubwa, yuko kidato cha pili, na wanasema Kiingereza ndilo somo lake.

"Shikamoo shangazi. Baba anasema usihangaike sana, una kazi nyingi. Nitaitafuta mwenyewe. Iliitwaje?"

Nimemwandikia marahaba. Jina la video bado sijaliandika.